Safu ya Kulia: Shajara ya Mradi wa Shukrani

Juma la Epifania. Kazi inaanza

Kikundi chetu cha maombi kina daftari la mahitaji, na mimi ndiye katibu wake. Utaratibu ni ule unaojulikana: mtu anataja hitaji, naandika, tunaomba, tunaagana. Juzi nililipitia daftari tangu ukurasa wa kwanza nikitafuta kitu kingine kabisa, nikaona kwamba tumehifadhi kwa uaminifu kila tulichoomba, ila hakuna mahali popote palipoandikwa kilichofuata. Mmoja alikuwa anatafuta kazi. Mwingine mtoto wake alikuwa anaingia chumba cha upasuaji. Mwingine alikuwa hasemezani na ndugu yake wa tumbo moja. Mwisho wa habari zao daftari halina.

Mradi basi ni huu: kuchora safu upande wa kulia wa kila ukurasa, kuwarudia wenye mahitaji, kuijaza safu hiyo kwa maneno yao wenyewe, halafu kuipa shukrani nafasi yake katika saa yetu ya maombi. Kwa sasa shukrani yetu ni sentensi moja ya kufungulia, "Baba tunakushukuru kwa siku ya leo," inayosemwa kwa haraka ya mtu anayepita sebuleni kwenda jikoni. Nimejiwekea Pentekoste kuwa mwisho wa awamu hii.

Andiko la mradi ni Luka 17:11–19, wakoma kumi. Mahubiri mengi huwasimanga wale tisa kana kwamba walikuwa watu wabaya. Nikilisoma taratibu siuoni huo ubaya. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walikuwa njiani wanakwenda. Walitii, tena walianza safari kabla ngozi haijatakata, jambo ambalo wengi wetu tusingelithubutu. Kilichowapungukia ni kugeuka tu warudi kushukuru, na aliyegeuka alikuwa Msamaria, mgeni kwao. "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" Hilo ni swali la mtu aliyehesabu. Yesu alikuwa na idadi ya walioomba na idadi ya waliorudi, na ya pili aliitaka kwa sauti.

Mpaka mmoja wa mradi niuseme mapema: timu yetu ya kusifu na kuabudu inafanya kazi yake vizuri, na sikuja kuigusa. Najua pia kwamba kusifu ni kumtukuza Mungu kwa jinsi alivyo na kushukuru ni kwa aliyotenda, lakini Zaburi ya 100 inayaingiza yote mawili kwa mlango mmoja: "Ingieni malangoni mwake kwa kushukuru, nyuani mwake kwa kusifu." Sitasimama mlangoni kuyatenganisha.

Kabla ya Kwaresima. Kuwarudia watu

Nimeanza na kurasa za zamani zaidi. Masharti tuliyopatana na mwenyekiti: mwenye hitaji ndiye anayesema matokeo, mimi naandika tu, linalohusu ugonjwa, ndoa au fedha haliandikwi bila ruhusa yake, na haiandikwi "Mungu amejibu" kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe hajalisema. Hilo la mwisho lilibishaniwa. Mzee mmoja wa kanisa aliona ni upungufu wa imani. Nilimjibu kwa heshima yake yote kwamba ushuhuda ni wa shahidi, na mdomo wa shahidi hauazimwi. Hakuridhika, lakini aliniachia.

Kinachonishangaza hadi sasa ni kwamba wengi hawakumbuki kuwa waliomba. Dada mmoja nilimsomea mstari wake akacheka: "Mimi nilisema hivyo?" Kazi aliyoililia kwa machozi mbele yetu ndiyo hiyo anayoilalamikia leo kila tukikutana. Hayuko peke yake. Jibu la maombi likishakaa kidogo huwa jambo la kawaida, na jambo la kawaida halina mtu wa kulishukuru.

Kumbukumbu la Torati sura ya 8 imeliona hili kabla yetu. Watu wako mpakani, jangwa liko nyuma yao, na Musa hawaonyi juu ya njaa. Anawaonya juu ya siku watakapokula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri wakakaa ndani yake, makundi yao yakaongezeka, fedha na dhahabu zikaongezeka, moyo ukainuka, wakamsahau Bwana. Amri ya kushukuru iko mstari wa 10, baada tu ya kushiba, pale pale hatari inapoanzia.

Daudi naye katika Zaburi ya 103 anaisemesha nafsi yake: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Anayeambiwa asisahau ni mtu mwenye tabia ya kusahau. Dawa anayojipa haichelewi. Mistari inayofuata ni vitendo vilivyopangwa: anasamehe, anaponya, anakomboa, anatia taji, anashibisha. Ni orodha. Nimefarijika, maana kuna ndugu aliyeniambia kwamba kuorodhesha fadhili za Mungu ni kazi ya karani na si ya kiroho.

Zaburi ya 107 mezani

Nilikuwa natafuta namna ya kumsaidia mtu aseme shukrani yake bila kuigeuza hotuba. Kila aliyewahi kukaa kwenye ibada ya ushuhuda anajua ninachosema: mtu anaanza na ajali ya basi, na kabla ya basi kuondoka kituoni tayari umesikia historia ya ukoo.

Zaburi ya 107 imenipa umbo. Kuna makundi manne ndani yake. Wapo waliopotea jangwani wakiwa na njaa na kiu, wapo waliokaa gizani wamefungwa kwa chuma, wapo walioumwa hadi wakachukia kila chakula na kuyakaribia malango ya mauti, na wapo mabaharia waliokutwa na dhoruba. Kila kundi linapita njia ile ile: shida inaelezwa, wanamlilia Bwana, anawaokoa, kisha kinakuja kiitikio, "Na wamshukuru Bwana, kwa fadhili zake, na maajabu yake kwa wanadamu." Kiitikio kinarudi mistari ya 8, 15, 21 na 31.

Nilipokaa nayo zaidi niliona kwamba shida inapewa nafasi ya kutosha. Mabaharia wanapandishwa hadi mbinguni na mawimbi, wanashushwa vilindini, wanapepesuka kama mlevi, akili zote zimewaisha. Zaburi haina haraka ya kufika kwenye wokovu. Sisi tunayo haraka hiyo; mtu akianza kusema alivyoumia, tayari kuna anayemwitikia "Amina, lakini Mungu ni mwema!" na kumkata kauli.

Halafu shida zenyewe si za aina moja. Wafungwa waliyaasi maneno ya Mungu. Wagonjwa, Zaburi inasema waziwazi, walijiletea kwa makosa yao. Lakini waliopotea jangwani hawalaumiwi kwa lolote, na mabaharia walikuwa kazini kwao. Mwenye hatia na asiye na hatia wanaimba kiitikio kimoja bila kubadilishwa neno. Kwa kikundi chetu hili ni zito, kwa sababu ninao kwenye daftari watu ambao safu yao ingeweza kujazwa leo, wanaona haya tu. Deni walilikopa wenyewe. Ugomvi waliuanza wenyewe. Wanadhani aliyejichimbia shimo na akatolewa hana haki ya kusimama kushukuru mbele za watu. Zaburi imewawekea mahali, tena katikati.

Tumefanya zoezi. Kila mmoja aliandika sentensi nne: nilikuwa wapi, nilimliliaje Mungu, alifanya nini, namshukuru kwa lipi. Ya kwanza na ya tatu zilikuja haraka. Ya pili ndiyo iliyowagandisha watu. Kusimulia shida si tabu, na kusimulia wokovu ni raha, lakini kueleza ulivyolia ni kujivua nguo. Ndugu mmoja aliandika, "Sikulia. Nilinyamaza, na wengine wakaomba." Kuna aliyetaka airekebishe ifuate umbo. Nikaiacha kama ilivyo.

Jumatano ya Majivu

Kikundi chetu kina watu wa madhehebu mbalimbali, kwa hiyo Kwaresima huja na mjadala. Katika makanisa mengi ya mapokeo ya magharibi neno "Aleluya" haliimbwi kuanzia leo hadi kesha la Pasaka. Waorthodoksi hufanya kinyume: katika sala za asubuhi za siku za juma za Kwaresima Kuu, Aleluya husikika zaidi kuliko kawaida. Naziheshimu njia zote mbili. Wa kwanza wanasema sifa inaweza kufunga kama tumbo linavyofunga, wa pili wanasema toba yenyewe ni sifa.

Tumechagua njia ya kwanza, kwa majaribio: hadi Pasaka tutashukuru kwa zile sentensi nne bila wimbo. Nilitaka kujua kama shukrani yetu ina miguu yake au inategemea kinanda. Mama mmoja mtu mzima alipinga: "Sifa za Mungu wangu hazina likizo." Tumeelewana ataimba nyumbani kwake, na nina hakika majirani wanamsikia.

Kwaresima. Sala ya Farisayo

Hii sikuipanga. Imetoka ndani ya safu yenyewe.

"Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Luka 18:11. Tumezoea kuiita sala ya kiburi, na ni kweli, ila kwa umbo ni sala ya shukrani. Inamtaja Mungu, inashukuru, ina orodha, ina mambo mahususi. Kwa vigezo vyangu vya mradi ingepita. Kasoro ni kwamba anachokishukuru si kitu alichopewa. Anashukuru umbali uliopo kati yake na mtoza ushuru aliyesimama nyuma.

Nikarudi kuisoma safu ya kulia kwa jicho hilo. "Namshukuru Mungu, wenzangu wamepunguzwa kazini, mimi nimebaki." "Tunashukuru sisi ni wazima, wengine wako hospitali." Na ile tunayoisema sote, mimi nikiwamo, kila sala ya kufungulia: wengine walitamani kuiona siku ya leo na hawakuiona. Keti kando ya mjane uisikilize sentensi hiyo kwa masikio yake. Hao "wengine" ni mume wake. Tumeligeuza kaburi lake kuwa kipimo cha fadhili zetu, kisha tunamwomba aitikie Amina.

Nimependekeza kanuni moja kwa ajili ya daftari: shukrani itaje kilichotolewa, isimtaje aliyekosa. Kijana mmoja, msomaji mzuri wa Biblia, aliuliza kama hiyo haifuti shukrani yote ya kuokoka hatari. Ni swali zuri. Jibu nililolipata ni Zaburi ya 124. "Kama si Bwana aliyekuwa pamoja nasi," maji yangalitugharikisha. Nafsi zetu zimeokoka kama ndege katika mtego wa wawindaji. Hapo upo ulinganifu, lakini ni wa mimi nilivyo na mimi ambavyo ningekuwa. Hakuna jirani aliyesimamishwa pembeni awe mfano. Tangu tulipoisoma, sentensi "kama si Bwana" imeingia kwenye sala za watu bila mimi kuisukuma, na ile nyingine inapungua. Inapungua tu. Ni sentensi ngumu kufa.

Kwaresima bado. Mistari isiyo na jibu

Nilijua nitaifikia. Kuna mistari ambayo tuliomba apone, naye amefariki. Kuna ambayo tuliomba mtoto na hakuna mtoto. Kwenye safu ya kulia niandike nini?

Mapendekezo yalikuwa kuandika "Mapenzi ya Mungu yametimia," kuufuta mstari, au kuacha wazi. Kufuta nimekataa moja kwa moja. Hitaji lililoombwa liliombwa. La kwanza lilikuwa na watetezi wengi, na walimtaja Ayubu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Nikauliza nani aliyeyasema maneno hayo. Ni Ayubu, aliyezika watoto. Hakuyasema rafiki yake. Rafiki zake walipokuja kumweleza sababu za msiba wake, Mungu aliwakemea katika sura ya 42. Basi mwenye msiba akitaka kuandika maneno ya Ayubu kwenye mstari wake, kalamu ni yake. Mimi simwandikii.

Mistari hiyo inabaki wazi. Kinachonisaidia kuvumilia weupe wake ni kwamba Zaburi zenyewe zinafanya hivyo. Maombolezo ni sehemu kubwa ya kitabu kile. Zaburi ya 13 ina mistari sita. Inaanza na "hata lini" mara nne mfululizo na kuishia kwa wimbo, kwa kuwa Bwana amemtendea kwa ukarimu, na katikati hatuambiwi kilichobadilika. Lakini Zaburi ya 88 haigeuki kabisa. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na waliokipanga kitabu hawakuibandika mstari wa furaha mwishoni. Tuliisoma yote kwa sauti jioni moja, tukafunga bila kuongeza neno. Baadhi ya ndugu walitoka wamenuna. Wengine wawili walikuja kuniambia kwamba kwa mara ya kwanza walihisi Biblia inawajua.

Jambo jingine la jioni ile. Mama mmoja ambaye mstari wake ni mweupe aliomba nafasi ya sentensi nne. Hakushukuru kwa kifo. Alishukuru kwa waliolala naye wodini kwa zamu, kwa muuguzi aliyemwita mgonjwa kwa jina lake, na kwa kuwa mumewe aliweza kuongea hadi siku ya mwisho. Vitu vitatu, vyote mahususi, vyote ndani ya jambo ambalo lenyewe hakulishukuru. Paulo aliposema "shukuruni kwa kila jambo" sidhani alitaka zaidi ya hapo kwa mtu aliyefiwa.

Nabii Habakuki yuko karibu naye. Katika 3:17 anakitaja kila kilichokosekana: mtini hauchanui, mizabibu haina matunda, mzeituni umemdanganya mkulima, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kundi, kibanda hakina ng'ombe. Hapo hakuna kilichobaki cha kula wala cha kuuza. Ndipo anasema, "Walakini nitamfurahia Bwana." Kumbe hata sifa ya mtu aliyepoteza vyote ina orodha, na orodha yenyewe ni ya hasara.

Juma la tano la Kwaresima. Mjadala wa Yehoshafati

Kuna fundisho linalozunguka kwamba ukitaka muujiza, sifu. Sifa huvunja minyororo, sifa humlazimisha Mungu ashuke. Andiko linalotumika ni 2 Nyakati 20, waimbaji wakitangulia mbele ya jeshi la mfalme Yehoshafati na adui wakiangamizana wenyewe. Ndugu wa kikundi wakapendekeza tuhamishe shukrani ije kabla ya maombi "ili majibu yaje haraka".

Shukrani ije mwanzoni, sina tatizo. Sababu ndiyo ninayoipinga. Katika sura ile ile Yehoshafati aliomba kwanza kwa hofu tupu, akikiri kwamba hawajui la kufanya. Kisha Roho akamshukia Yahazieli, akawaambia vita si yao bali ni ya Mungu. Waimbaji wakatoka asubuhi iliyofuata, na walichoimba ni "Mshukuruni Bwana, kwa maana fadhili zake ni za milele." Waliimba kwa sababu walikuwa wameahidiwa. Sifa ilifuata neno, haikulinunua.

Paulo na Sila katika Matendo 16 wanasemwa vivyo hivyo: waliimba usiku wa manane gerezani Filipi, tetemeko likaja, milango ikafunguka. Watu huishia hapo. Endelea kidogo: hawakutoka. "Sisi sote tupo hapa," Paulo alimwambia mlinzi aliyekuwa anataka kujiua. Miaka baadaye anawaandikia Wafilipi hao hao akiwa kifungoni tena, barua imejaa furaha na shukrani kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna tetemeko linalotajwa popote. Kama kuimba kungekuwa ufunguo wa gereza, mtu huyo angekuwa na nakala yake.

Pendekezo limepita, shukrani itakuja mwanzoni. Maneno "ili majibu yaje haraka" yameondolewa kwenye kumbukumbu za kikao.

Alhamisi Kuu

Fupi, maana nina ibada jioni. Mathayo 26:30 inasema walipokwisha kuimba walitoka kwenda mlima wa Mizeituni. Kwa desturi ya Wayahudi zaburi za meza ya Pasaka ni ile ya 113 hadi ya 118. Kama ndizo walizoimba usiku ule, basi Yesu alikwenda Gethsemane akiwa ametoka kuimba "Hii ndiyo siku aliyoifanya Bwana, tutashangilia na kuifurahia." Sisi huuimba mstari huo asubuhi za arusi.

Baada ya Pasaka. Kula siku ile ile

Aleluya imerudi, mama yetu amerudi nayo.

Tumefanya mkutano wa kwanza wa shukrani peke yake, bila mahitaji. Wazo lilitoka Walawi 7. Mtu akileta sadaka ya amani kwa ajili ya shukrani, pamoja na mikate, nyama yake ililiwa siku ile ile, isibaki kitu hadi asubuhi. Sadaka ya nadhiri au ya hiari iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake. Ya shukrani, hapana. Sheria haitoi sababu, lakini fikiria mnyama mzima na familia moja na jioni moja. Lazima uite watu. Na walioitwa watauliza tumekusanyikia nini, na mwenye sadaka itabidi aeleze. Zaburi ya 22, inayoanza na "Mungu wangu, mbona umeniacha," inaelekea huko huko: "Katikati ya kusanyiko nitakusifu," kisha wapole wanakula na kushiba. Zaburi ya 116 nayo inataka nadhiri ziondolewe "mbele ya watu wake wote."

Kwa hiyo waliojaziwa safu zao walileta chakula, wengine walikuja kula na kusikiliza. Tulifungua kwa Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaitikiwa "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Inawataja hata wafalme Sihoni na Ogu kwa majina, jambo ambalo watoto walilifurahia. Tukaiendeleza kwa mistari yetu: mmoja anasoma safu yake, wote tunaitikia. Wawili walioomba majina yao yasisomwe walisomewa bila majina. Yule ndugu aliyekuwa hasemezani na ndugu yake alikuja naye. Hakusoma kitu, alimtambulisha tu.

Kuelekea Kupaa. Barua za Paulo

Zoezi jipya, dogo, limezaa kuliko nilivyotarajia. Paulo hufungua barua zake nyingi kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya watu anaowaandikia. Wathesalonike anawashukuru kwa kazi yao ya imani, taabu yao ya upendo na saburi yao ya tumaini. Wakorintho, ambao atawakaripia kwa mafarakano, kwa kesi mahakamani na kwa jinsi wanavyoila meza ya Bwana, bado anaanza kwa kumshukuru Mungu kwa neema waliyopewa. Wagalatia anawashukia bila shukrani yoyote, na ukiisoma barua unaelewa.

Tukaandika kila mmoja mistari miwili ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtu anayemsumbua. Mahususi, bila kejeli. Mimi nilimwandikia Mungu kuhusu yule mzee wa kanisa: kwamba hajawahi kukosa kikao, na kwamba hunipinga mbele yangu, hanisemi nyuma yangu. Baada ya kuandika niliona ni kweli.

Kijana wetu msomaji aliniletea habari kwamba wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 utafiti uliolinganisha watu walioandika mambo ya kushukuru na walioandika kero zao, na kundi la kwanza likajisikia vizuri zaidi kuhusu maisha. Siushangai. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika karne ya 16, aliifanya shukrani kuwa hatua ya kwanza ya kujichunguza dhamiri, kabla hata ya kuzitazama dhambi. Lakini daftari letu halipo ili tujisikie vizuri, na siku ambazo hatujisikii vizuri bado litakuwa na anayesemeshwa.

Pentekoste. Hali ya mradi

Kurasa za zamani zimejazwa kwa kiasi ambacho wenyewe wamenipa. Mistari kadhaa ina neno "bado", mistari kadhaa ni mieupe na itabaki hivyo, na kuna watu waliohama ambao sijawapata. Mkutano wa shukrani peke yake umekubaliwa kuwa wa kudumu, mara moja kila robo mwaka, na kamati ya chakula imepatikana bila kubembelezwa, jambo ambalo katika kikundi chetu ni la kuandikwa kwenye safu ya kulia. Sentensi nne zinaendelea. Vijana wanazipenda, watu wazima wanaziona fupi.

Leo tumesoma Matendo 2. Umati uliposikia lugha zao wenyewe, walichosikia ndani ya lugha hizo ni "matendo makuu ya Mungu." Mahubiri ya Petro yalikuja baadaye.

Yaliyobaki kwa awamu ijayo: daftari jipya linahitajika, lenye safu mbili zilizochorwa tangu mwanzo. Katibu msaidizi anahitaji kufundishwa yale masharti, hasa la ruhusa. Wale waliohama wanatafutwa kwa simu. Na mzee wetu ameleta hoja ya safu ya tatu, ya sifa, ambapo mtu ataandika juu ya Mungu mwenyewe bila kutaja jambo lolote alilotendewa. Nilitaka kuipinga kwa kuwa ukurasa hautoshi. Amesema tununue daftari pana zaidi. Kikao kijacho kitaamua.